Mji Usiosema Salama Ovyo

Waliosikia habari za Bayana ni wengi, na waliozitia chumvi ni wengi zaidi. Mimi nitazisimulia kama zilivyomkuta Stamili Ngoda, aliyefika huko na kukaa mwezi mzima. Sitaongeza kitu, na nikipunguza ni kwa ajili ya pumzi yangu tu.

Stamili alikuwa msemaji wa idara ya maji katika mji wa kwao, mji ambao mwenyewe hapendi kuutaja, nami sitamsukuma. Kazi yake ilikuwa moja: watu wakilalamika, yeye huandika tangazo. Mabomba yakitoa maji ya rangi ya chai, tangazo lilisema maji ni salama kwa matumizi ya nyumbani. Yakinuka, tangazo lilisema ile ni harufu ya dawa, na dawa ni kwa usalama wa wateja. Yasipotoka kabisa, tangazo lilisema yamefungwa kwa muda kwa sababu za kiusalama. Miaka kumi na sita alipata riziki yake kwa neno hilo, na nyumbani kwake alikunywa maji ya kuchemsha, tena ameyachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona kwamba anafanya kazi.

Siku moja mkuu wake akasikia kwamba huko Bayana, mji mdogo uliokaa ubavuni mwa mlima, wananchi hawalalamikii maji yao kabisa. Wivu ukamshika. "Nenda ukajifunze wanawaambia maneno gani," akamwagiza Stamili. Kuhusu mabomba hakumwagiza kitu.

Njiani hakukuwa na la kusimulia. Alipofika kwenye lango la mji alimkuta karani mwenye miwani mizito, jina lake Chande, ameketi mbele ya daftari nene.

"Karibu, bibi. Habari za utokako?"

"Salama," akajibu Stamili.

Chande akainua kalamu. "Salama ya nini?"

"Salama tu."

"Ya maji, ya umeme, ya moto, ya mapaa, au ya watu?"

"Yote, bwana," Stamili akasema, akacheka, akidhani anataniwa.

"Uliyaangalia lini?"

Hapo kicheko kikamkauka. Chande akamsubiri kwa heshima zote, na alipoona jibu haliji, akaandika taratibu: Mgeni hajui habari za kwao. Stamili alihisi ametukanwa. Siku mbili baadaye ndipo alipoelewa kwamba karani alikuwa amemwandikia jambo la heshima, kwa kuwa Bayana kutojua si aibu, aibu ni kujibu usilolijua.

Sheria yenyewe ni hii. Huko neno salama ni mali ya mji, kama mizani ya sokoni ilivyo mali ya mji, na hakuna raia anayeruhusiwa kulitumia apendavyo. Atalisema yule tu aliyeangalia kwa macho yake siku hiyohiyo, tena ataje ni salama ya kitu gani. Asiyeangalia atasema anachokijua, na asichokijua atasema hakijui. Sijambo inaruhusiwa, maana wanasheria wao walibishana juu yake miaka saba wakakubaliana kwamba mtu mwenyewe anajijua kiasi. Zaidi ya hapo, hapana.

Kwa hiyo salamu za Bayana ni ndefu kupita kiasi. Asubuhi yake ya kwanza Stamili alisimama kando ya kichochoro akawasikiliza wanawake wawili waliokutana na vikapu vyao.

"Habari za nyumbani, shoga?"

"Mimi mzima, mume wangu mzima. Soketi ya sebuleni ilitoa cheche jana, nimeikatia umeme na fundi anakuja saa nne. Mafuta ya taa nimeyahamisha kutoka kwenye chupa ya soda. Ngazi ya uani sijaipanda tangu ile mvua, sijui hali yake. Na wewe?"

"Mtungi wa gesi umenuka kidogo, nimeutoa nje, leo tunakula viporo. Maji nimeyapima, salama ya maji. Mama mkwe ana kikohozi. Kamba ya kuanikia nguo imelegea upande wa choo."

Hakuna aliyeharakisha, na hakuna aliyepiga miayo. Watu wa Bayana huchelewa kila mahali, kwenye harusi, kwenye mazishi, hata kwenye mikutano ya kujadili uchelewaji, lakini hufika na vidole vyao vyote kumi.

Hiyo chupa ya soda ina sheria yake. Mtu akikutwa ameweka mafuta ya taa au dawa ya kufulia ndani ya chupa ya kinywaji, hafungwi wala hapigwi. Huletewa dumu jipya la mafuta ya taa, ambalo halijawahi kutiwa hata tone la mafuta, likajazwa soda baridi, naye akaombwa anywe mbele ya majirani. Soda ni safi na dumu ni safi, wote wanajua. Katika kumbukumbu za mji hakuna aliyewahi kumaliza kikombe, na hakuna aliyerudia kosa.

Mkubwa wa Ofisi ya Majibu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyeitwa Bi Sikujua. Jina hilo alipewa na wazazi wake, na alipoomba kazi lilimsaidia sana. Katika ofisi yake, mtumishi akiulizwa jambo asilolijua ni lazima aseme sijui hapohapo, kisha ana mpaka adhuhuri awe amelijua. Wanaopandishwa vyeo ni wale waliokiri kutojua mara nyingi zaidi na wakajua mapema zaidi. Stamili aliketi pale asubuhi nzima akasikia watu wazima, wenye vyeo na mashati yaliyopigwa pasi, wakisema sijui bila kutetemeka. Kwao Stamili, ofisa aliyesema sijui mbele ya mwananchi angekuwa anafungasha virago kabla ya chakula cha mchana.

"Bi Sikujua," akauliza hatimaye, kalamu mkononi, "mnatumia maneno gani kuwatuliza wananchi kuhusu maji?"

Bi Sikujua akamtazama. "Kuwatuliza na nini?"

"Na wasiwasi."

"Wakiwa na wasiwasi huwa tunakwenda kuangalia bomba," akasema Bi Sikujua. "Kwani kwenu bomba liko mbali?"

Stamili hakuandika kitu.

Malazi alipewa katika Mtaa wa Tatu, kwa mama kijana aitwaye Mishi. Mumewe alikuwa zamu ya miezi miwili juu mlimani kwenye chanzo cha maji, na mwenyewe alilea binti yao wa miezi minne, Mboja. Mtoto alizaliwa njiti na maziwa ya mama hayakumtosha, hivyo alisaidiwa na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya bomba. Maji hayo hawakuyachemsha. Bayana waliacha kuchemsha tangu enzi za bibi zao, maana hawakuona sababu. Nyumba ya Mishi ilikuwa ya kumi na tisa, ya mwisho kabisa kwenye bomba la mtaa.

Kila asubuhi katika kila nyumba hufanywa jambo lilelile. Mtu huchota gilasi moja ya maji, huiinua dirishani aone rangi, huinusa, kisha hudondoshea matone matatu ya dawa ya kupimia. Maji yakigeuka rangi ya waridi, basi dawa ya kuua vijidudu ingali imo ndani yake na kila mtu anywe. Yasipogeuka, koki hufungwa na watu huchota kwenye tangi la pembeni mpaka sababu ijulikane. Karani wa mtaa hupita na daftari, huuliza kutoka nje, na hufunga kitambaa mlangoni: kijani kwa salama, cheupe kwa sijui. Karani wa Mtaa wa Tatu alikuwa yuleyule Chande wa langoni, maana makarani wa Bayana hufanya kazi mbili na hulalamikia zote.

Siku ya pili Stamili akanywa maji moja kwa moja kutoka bombani. Mara ya mwisho kufanya hivyo alikuwa msichana wa shule. Akakinga kiganja, akanywa, akakinga tena, na machozi yakamtoka pale karoni. Alijiambia ni baridi ya maji, lakini haikuwa baridi. Aliwapenda watu hawa. Aliwapenda kwa uchelewaji wao na salamu zao za robo saa, na kila siku aliandika ukurasa mwingine wa ripoti ya kuwasifu.

Asubuhi ya siku ya kumi, Mishi alijifunga mtoto mgongoni ampeleke zahanati kupimwa uzito.

"Dada Stamili, gilasi iko mezani, nimeshachota. Dawa sijatia. Nikirudi nitamalizia."

"Nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi," akajibu Stamili, aliyekuwa ameinama juu ya ripoti yake. Siku hiyo alikuwa amefika pazuri. Alikuwa anaandika sentensi hii, ambayo mpaka leo anaikumbuka neno kwa neno: Jambo la kustaajabisha kuliko yote ni kwamba watu hawa hawalisemi neno salama pasipo kuhakikisha.

"Hodi!" Chande akaita kutoka nje. "Habari za maji?"

"Salama!" akajibu Stamili.

Mdomo wake haukumwomba ruhusa. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti nzuri ya matangazo, na kalamu haikusimama hata kidogo.

"Salama ya maji?" akauliza Chande tena.

"Naam, bwana, salama ya maji," akasema, akiwa anatafuta neno zuri zaidi la kustaajabisha.

Mtu wa mji mwingine yeyote angesukuma mlango akaangalia. Angalau angejiuliza mgeni amejuaje. Lakini Chande alizaliwa Bayana, akakulia Bayana, na katika miaka yake ishirini na mitatu ya kupokea habari hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mtu ambaye hakuangalia. Lilipotamkwa, kwake jambo lilikuwa limekwisha. Akafunga kitambaa cha kijani na akaenda zake. Gilasi ilikuwa mezani, hatua nne kutoka mlangoni, na maji yake yalikuwa meupe vizuri.

Jioni iliyotangulia, jirani wa nyumba ya kumi na nane alikuwa akichimba msingi wa ukuta, na sururu yake ikalipasua bomba chini ya ardhi mahali ambapo hakuliona. Mpasuko ulikuwa kati ya nyumba yake na ile ya mwisho. Maji machafu ya mtaro yakapata njia. Kwa hiyo nyumba kumi na nane zilipopima asubuhi ile zilipata waridi safi, na katika mtaa mzima gilasi moja tu ndiyo ingeweza kusema kitu.

Mishi alirudi, akaona kijani mlangoni, akajua mgeni wake amemalizia kazi. Gilasi akaimwaga na kuiosha bila kuitazama, maana kijani kilikuwa kimeshasema. Akakoroga maziwa, Mboja akanywa. Mchana akanywa tena, na jioni tena.

Kesho yake Mishi alipima mwenyewe, na matone matatu yakazama ndani ya maji bila kubadilisha chochote. Akatia mengine matatu. Wakati huo mtoto alikuwa ameshaanza kuharisha.

Sitaeleza mengi juu ya siku tatu zile za zahanati. Mboja alikuwa na macho yaliyozama na midomo mikavu, analia bila machozi, na muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari kijiko kimoja kimoja, mchana kutwa, mpaka walipomtundikia dripu. Mishi alikaa kitandani kwa mtoto. Stamili alikaa kwenye benchi la nje, na kila mlango ulipofunguliwa aliinuka. Siku ya pili Mishi akatoka, akasimama mbele yake.

"Ulitia dawa?"

"Sikutia."

"Uliiangalia gilasi?"

"Sikuiangalia, mwanangu."

"Sasa mbona ulisema?"

Stamili akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu husemwa tu."

Mishi akafikiri. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama watu wa Bayana waulizavyo, kutaka kujua.

"Na kwenu mna watoto?"

Akarudi ndani. Toka siku hiyo hakumsemesha tena kwa siku nyingi.

Siku ya tatu mtoto aliposhika tena kunyonya, na bomba likiwa limeshazibwa, baraza la mji likaitishwa. Lilichelewa kuanza kwa saa moja na nusu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na hakuna mjumbe aliyeweza kusema hali ya paa la ukumbi. Ikabidi seremala apande, agonge mbao zote, ashuke, atoe jibu. Stamili alisimama katikati na aibu yake. Sikuwahi kusikia, na yeye hakuwahi kuona, mjadala uliokuwa na sauti nyingi na matusi machache namna ile.

Mjumbe mmoja alitaka wageni wote wazibwe midomo kwa kitambaa toka langoni. Mwingine, mwenye sauti nzito, alitaka neno lenyewe lifutwe kabisa katika lugha ya mji. "Tukilifuta hakuna atakayelitumia vibaya," akasema.

"Na siku maji yakiwa mazuri tutasemaje?" akauliza mtu wa nyuma.

"Tutanyamaza!"

"Na yakiwa mabaya?"

"Tutasema!"

"Na karani akiwa amelala?"

Mwenye sauti nzito akasema hajui, akapigiwa makofi, akaketi. Ndipo Chande akasimama, akavua miwani, akaweka daftari lake mezani mbele ya Bi Sikujua.

"Nifuteni kazi. Nilifunga kitambaa juu ya gilasi nisiyoiona."

"Hukuvunja sheria, Bwana Chande," akasema Bi Sikujua. "Ndiyo inayoniuma. Kila mtu hapa alifuata sheria isipokuwa mgeni, na mgeni hakuwa ameizoea. Tumelitunza neno hili miaka yote hii, tumelipigia deki na kulipangusa vumbi, mpaka tukaacha kutazama kitu chenyewe. Mimi nikiwa wa kwanza. Kila jioni nilihesabu vitambaa vya kijani nikala nikashiba." Akamgeukia Stamili. "Lakini nawe, dada yangu, umemdhuru mtoto."

"Nimemdhuru," akasema Stamili.

Hukumu ikatolewa. Toka siku ile karani hatauliza kutoka nje. Ataingia, ataonyeshwa gilasi, na vitambaa havitafungwa kwa kusikia. Chande akarudishiwa daftari lake. Stamili akanyang'anywa neno salama mpaka atakapoondoka, asilitamke kwa jambo lolote, hata akiota. Na kila asubuhi angebeba sanduku la dawa ya kupimia, akapita na Chande nyumba zote kumi na tisa za Mtaa wa Tatu, apime yeye, aseme alichokiona na asichokiona. Zote kumi na tisa, pamoja na ya mwisho.

"Afadhali mngenifunga," akasema.

"Tulilifikiria," akajibu Bi Sikujua, "lakini huko jela maji yanapimwa na mtu mwingine."

Basi akahamishiwa chumba kidogo nyuma ya ofisi, na kazi ikaanza. Siku za kwanza ilikuwa kama kujifunza kutembea. Aliulizwa habari za maji na neno likamjia mdomoni, akalimeza, akabaki amesimama kama aliyesahau jina lake. "Sema ulichokiona tu," Chande akamnong'oneza. Akasema: hayana rangi, hayana harufu, yamegeuka waridi, ndoo ya chini haikufunikwa. Polepole macho yake yakaanza kufanya kazi ambayo ulimi wake ulikuwa ukiifanya peke yake miaka yote. Katika nyumba ya saba alikuta jiko la mkaa limeingizwa chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, bibi wa nyumba anaumwa kichwa asijue kwa nini. Wakalitoa jiko na kumtoa bibi pamoja nalo. Katika nyumba ya kumi na moja aliona waya wa pasi umechubuka mpaka shaba inaonekana. Bibi yule wa nyumba ya saba alimletea andazi kila asubuhi, na Stamili alilipokea kwa mikono miwili.

Katikati ya hayo ikaja barua ya mkuu wake. Watu wameanza kuja ofisini na ndoo, aliandika, wanataka majibu. Nitumie haraka hayo maneno ya Bayana. Stamili akamjibu kwamba maneno yao makubwa ni mawili, sijui na ngoja nikaangalie, na akaomba bomba la sokoni lipimwe na majibu yasomwe hadharani kama yalivyo. Mkuu akajibu upesi kwamba hali ya hewa ya mlimani haijamkubali, na apumzike.

Kila asubuhi nyumba ya mwisho ndiyo iliyomfanya ajikaze. Mboja alikuwa amesharudi nyumbani, mwembamba lakini yuko macho. Mishi alifungua mlango, akawapisha, akasimama na mtoto begani huku ametazama ukutani. Stamili alipima na kueleza, Chande akaangalia gilasi na kufunga kitambaa, na walipotoka tu Mishi akachota gilasi nyingine akapima upya kila kitu mwenyewe. Walimsikia kupitia dirishani. Hakuna aliyemlaumu, na Stamili hakumlaumu hata kidogo. Alichokitaka katika dunia hii kwa wakati ule kilikuwa kimoja, mama huyo akubali kitu kutoka kinywani mwake, na alijua hakina namna ya kuombwa.

Asubuhi ya siku yake ya mwisho Bayana, walimkuta Mishi na mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alikuwa ameungua na mvuke wa sufuria, kwa kuwa sasa alichemsha. Mboja alikuwa mkono wa kushoto, ana njaa, analia kwa nguvu zake zote na kwa machozi tele. Mishi akawaangalia. Akamwangalia Stamili usoni, kwa mara ya kwanza tangu zahanati.

"Nipimie," akasema. "Kisha unichemshie, umtengenezee maziwa. Mimi siwezi."

Stamili akafanya. Hakuharakisha, ingawa kilio kilimkata maini. Aliacha koki itiririke kwanza, akachota, akainua dirishani, akanusa, akadondosha tone moja, mawili, matatu, akasubiri. Akasugua sufuria na jagi kwa mchanga na sabuni, akavisuuza, akachemsha maji, akahesabu dakika kwa sauti. Akakoroga maziwa kwenye jagi, akaliweka wazi lipoe, akatia kwenye chupa ya mtoto iliyokuwa juu ya kabati. Akaishika mkononi aone joto, akaona limefika pale linapotakiwa, akageuka nayo.

"Habari za maji?" akauliza Mishi.

Chande akaacha kuandika. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea chupa.

"Nimeacha yakatiririka kwanza," akasema Stamili. "Hayana rangi. Hayana harufu. Yamegeuka waridi, gilasi ile pale, Bwana Chande ameiona. Yamechemka dakika kumi. Sufuria na jagi nilivisugua mwenyewe." Mtoto alilia. Neno moja lingetosha, na chupa ingepokelewa. Akaitazama ile chupa. "Chupa sikuiangalia. Nimeikuta juu ya kabati nikatia tu. Sijui imeoshwa lini."

Mishi akaipokea. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona ukingo mwembamba wa maziwa ya jana umeganda chini ya kifuniko. Akayamwaga maziwa yote. Kisha akampa Stamili mtoto, ambebe, akaiosha ile chupa mwenyewe kwa mkono mmoja na maji ya moto, ndani na nje na kwenye chuchu, akajaza upya kutoka kwenye jagi.

Hakupima tena. Chande alisubiri apime, akasubiri, na alipoona hapimi akafunga kitambaa cha kijani mlangoni.

Mishi akaketi kwenye mkeka na kumwekea Mboja chupa mdomoni, na kilio kikakatika palepale. Stamili alikuwa bado amesimama na sanduku lake, hajui aage au asiage. Bila kuinua kichwa, Mishi akasogea upande wa ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja.